Mlango Umefunguka au Umefunguliwa? Michoro Inayosogea katika Somo la Lugha

Mpe mwanafunzi sentensi hii: "Mlango umefunguliwa." Mwambie aeleze maana yake, naye atasema kwamba mlango uko wazi. Kisha mpe ya pili, "Mlango umefunguka," umuulize kama sentensi hizo mbili zinatofautiana. Wengi husita, na wengine hujibu bila wasiwasi kwamba ni kitu kilekile. Sasa mwambie azichore zote mbili, kila moja kwa picha tano zinazofuatana, kwenye programu yoyote ya kutengenezea katuni iliyomo katika kishikwambi. Atakapofika picha ya pili atalazimika kuamua jambo ambalo msomaji anaweza kulipita bila kuligusa: je, kuna mkono unaoshika kitasa au hakuna? Katika kauli ya kutendwa mtendaji yupo hata asipotajwa, kwa hiyo mkono unastahili kuonekana. Katika kauli ya kutendeka mlango wenyewe ndio uliobadilika hali, labda kwa upepo, labda kwa uzito wake, na mkono ukichorwa hapo sentensi inakuwa imesalitiwa.

Nimeanza na mlango huo kwa sababu mazungumzo kuhusu programu za kuchora na za uhuishaji darasani mara nyingi huishia kwenye furaha ya watoto, kana kwamba furaha peke yake inatosha kuwa hoja. Furaha ipo, tena ina thamani yake, lakini haielezi kwa nini mwanafunzi aliyechora katuni ya sekunde kumi aandike au aseme vizuri zaidi kuliko aliyetumia muda uleule kunakili sentensi ubaoni. Ili tulielewe jambo hili inabidi tutenganishe vitu vinavyotajwa kwa pumzi moja: programu zenyewe, kitendo cha kuchora, na lugha inayozaliwa pembeni ya mchoro. Hicho cha tatu ndicho chenye faida tunayoitafuta, nacho hakiji chenyewe.

Programu zinazofaa shuleni ni za aina tatu hivi. Zipo za kuchora tu, kama Tux Paint, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2002, hutolewa bure, na ikishasakinishwa haihitaji intaneti. Zipo zile zinazokusanya picha moja baada ya nyingine na kuzipitisha kwa kasi hadi jicho lione mwendo. Pencil2D ya kompyuta na FlipaClip ya simu na vishikwambi ni za kundi hilo, na sifa yake muhimu ni kwamba unapochora picha mpya, ile iliyotangulia huonekana chini yake kwa rangi hafifu, ili ujue mguu ulikuwa wapi kabla haujasogea. Stop Motion Studio hufanya kazi hiyohiyo kwa kupiga picha vitu halisi, kama vipande vya karatasi au wanasesere wa udongo, ambavyo mwanafunzi huvisogeza kidogo kidogo kwa mkono. Aina ya tatu ni zile ambazo mhusika huchorwa mara moja kisha hupewa amri. Maarufu kuliko zote ni Scratch, iliyobuniwa na kundi linaloongozwa na Mitchel Resnick katika Media Lab ya chuo cha MIT, Marekani, na kufunguliwa kwa umma mwaka 2007. Mwaka 2014 ilifuatiwa na ScratchJr, iliyokusudiwa watoto wa miaka 5 hadi 7, ambayo amri zake ni alama za picha na hivyo mtoto asiyejua kusoma anaweza kuitumia. Amri za Scratch yenyewe zinaweza kuonyeshwa kwa Kiswahili, jambo ambalo walimu wengi wa lugha hawalijui, ingawa linamfanya mwanafunzi asome vitenzi vya kuamuru kila anapotaka mhusika wake asogee.

Katika sinema ya kawaida picha 24 hupita kila sekunde, na wachoraji wa katuni mara nyingi huacha kila mchoro ukae kwa picha mbili, hivyo hubakiwa na michoro 12 kwa sekunde. Darasani kiwango hicho hakihitajiki. Michoro minne kwa sekunde inatosha kabisa, na kwa kuwa programu inaruhusu mchoro kunakiliwa na kurekebishwa sehemu ndogo tu, katuni ya sekunde kumi yenye michoro 40 humalizika ndani ya kipindi kimoja ikiwa mhusika ni wa mistari mitupu. Namaanisha kweli mistari mitupu: duara la kichwa, kiwiliwili, mikono miwili na miguu miwili.

Mhusika wa mistari anatosha kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2016 watafiti Jeffrey Wammes, Melissa Meade na Myra Fernandes wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walipewa maneno ya kawaida, mengine wayachore na mengine wayaandike tena na tena kwa muda uleule. Walipoombwa baadaye kuyakumbuka, waliyakumbuka zaidi yale waliyoyachora, mara nyingi zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaandika. Faida hiyo ilionekana hata pale walipopewa sekunde nne tu za kuchora, na haikutegemea uzuri wa mchoro. Maelezo yanayotolewa yanaungana na hoja ya Allan Paivio, mwanasaikolojia wa Kanada aliyeandika mwaka 1971 kwamba akili huhifadhi mambo kwa njia mbili, ya maneno na ya taswira, na kilichohifadhiwa kwa njia zote mbili ni rahisi kukirudia kuliko kilichohifadhiwa kwa moja. Kwenye kuchora huongezeka mwendo wa mkono na uamuzi wa nini kiwekwe na nini kiachwe. Hata hivyo, ni lazima tuwe waangalifu hapa. Majaribio hayo yalihusu kukumbuka maneno ambayo watu walikwisha kuyajua, na kukumbuka neno ni hatua moja tu. Kulitumia katika sentensi yenye upatanisho sahihi ni hatua nyingine kabisa. Anayesema kwamba utafiti umethibitisha kuwa kuchora kunafundisha lugha amekwenda mbali kuliko ushahidi huo unavyomruhusu.

Hatua hiyo ya pili ina nadharia yake, nayo inatoka kwenye shule za Kanada ambako watoto wanaozungumza Kiingereza walisomeshwa masomo yao kwa Kifaransa. Merrill Swain, mtafiti wa ujifunzaji wa lugha, aliona kwamba baada ya miaka kadhaa watoto hao walikuwa wakielewa Kifaransa vizuri sana, lakini walipozungumza na kuandika, sarufi yao ilibaki nyuma. Mwaka 1985 alitoa hoja kwamba kusikia na kuelewa hakutoshi. Mwanafunzi anapaswa kusukumwa atoe lugha yeye mwenyewe, kwa usahihi, kwa sababu msikilizaji anaweza kuelewa kwa kubahatisha lakini msemaji hawezi kusema bila kuchagua. Katuni isiyo na sauti ni msukumo wa namna hiyo. Inakaa pale ikisubiri maneno, na kila tendo lililochorwa linadai kitenzi chake.

Kwa Kiswahili madai hayo ni makali kuliko mtu anavyotarajia, maana kitenzi chetu hubeba mengi ndani yake. Chukua sentensi mbili zinazotofautiana kwa herufi moja tu: "Aliingia akicheka" na "Aliingia akacheka." Mwanafunzi anayeandika insha huchanganya -ki- na -ka- na mara nyingi hahisi hasara yoyote, kwa sababu msomaji wake atayaelewa maana ya jumla. Sasa mpe picha 12 na umwambie achore kila sentensi. Katika ya kwanza, mdomo wa mhusika lazima uwe wazi kuanzia anapokanyaga kizingiti, na uendelee kuwa wazi miguu ikisogea, kwa maana -ki- hapo inaonyesha matendo yanayokwenda pamoja. Katika ya pili, mdomo umefungwa picha zote za kuingia. Miguu inasimama, labda mhusika anatazama kitu, ndipo mdomo unafunguka, kwa kuwa -ka- hupanga tendo nyuma ya tendo. Nakiri kwamba sijui njia nyingine iliyo nyepesi kama hii ya kuonyesha kwamba mofimu hizo si pambo la sentensi. Mwanafunzi anazihesabu kwa picha: picha ya tano mdomo umefungwa au uko wazi?

Hivyo hivyo kwa -na- na -me-. "Mtungi unaanguka" ni mtungi ulio hewani, na "mtungi umeanguka" ni mtungi ulio chini. Ukiisimamisha katuni katika picha yoyote na kuuliza, "Sasa hivi kuna nini?" jibu sahihi linabadilika kadiri unavyosogeza kidole kwenye skrini, na darasa zima linaweza kujibu kwa sauti bila mtu yeyote kutajiwa neno "hali timilifu". Jina la kisarufi linaweza kuja kesho, likute maana imekwisha kutangulia.

Viambishi vya mahali navyo vina nafasi yake. "Kitabu kipo mezani" na "kitabu kimo mkobani" haviwezi kuchorwa kwa mbinu moja, maana kilichomo hakionekani mpaka mkoba ufunguliwe, na mwanafunzi anayehangaika jinsi ya kukionyesha kitabu kilicho ndani tayari anaifikiria -mo. Lakini lililonivutia kuliko yote ni lile la wahusika wasio na uhai. Watoto wanapenda kuchora kijiko chenye macho na miguu. Kijiko hicho kikiwa mezani kimetulia, upatanisho ni wa KI-VI: kijiko kilianguka, kijiko kimelala. Kikishaanza kusema na kukimbia, msimulizi wa Kiswahili humhamishia kwenye upatanisho wa A-WA, kama tunavyofanya kwa kiboko na kifaru, ambao wana umbo la KI lakini ni viumbe hai: "Kijiko alishtuka, akaruka kutoka mezani." Swali la lini kijiko aache kuwa "kili-" awe "ali-" ni swali halisi la sarufi, nalo linazuka lenyewe kwa sababu mtoto amemchorea kijiko macho. Mwalimu asiliharakishe. Alitupe katikati ya darasa na kuwaacha wanafunzi wabishane.

Kuna na kitufe cha kunakili. Mwanafunzi aliyechora kiti kimoja kinachoanguka na kuandika "Kiti kile kirefu kilianguka" akibonyeza kitufe hicho mara moja anapata viti viwili, na papo hapo maneno yote manne ya sentensi yake yanakuwa si sahihi. "Viti vile virefu vilianguka." Zoezi hili huchukua dakika tatu, na linaweza kurudiwa kwa mti, gari, ukuta na jicho, kila moja likileta upatanisho wa ngeli yake.

Stadi ya kusikiliza inahudumiwa na zoezi la zamani ambalo programu zimelipa uhai mpya, imla ya picha. Mwanafunzi mmoja ana katuni fupi ambayo mwenzake hajaiona; anaieleza kwa maneno, na mwenzake anaichora upya bila kuchungulia. Mwishoni katuni mbili huwekwa kando kwa kando. Zinapotofautiana, na karibu kila mara hutofautiana, kosa linaweza kutafutwa: je, msemaji alisema "kushoto" akimaanisha kushoto kwa mhusika, au msikilizaji alichukua kushoto kwake mwenyewe? Thamani ya zoezi iko katika pengo la habari lililopo kati yao, kwani wakiona wote picha ileile hakuna sababu ya kweli ya kusema chochote.

Katika kuzungumza, kinachofanya kazi ni kinasa sauti kilichomo kwenye programu. Mwanafunzi anayesoma kwa sauti mbele ya darasa husoma mara moja na kukaa. Anayerekodi sauti ya katuni yake hujisikiliza, hukunja uso, na kurudia. Hurudia tena kwa sababu maneno yalizidi muda wa picha au kwa sababu aliikata pumzi mahali pasipostahili. Hayo marudio hajaamrishwa na mtu. Kipimo cha muda kinamfaa pia mwandishi: katuni ya sekunde kumi haichukui aya nzima, na anayeisoma rasimu yake kwa sauti huku akitazama saa hujifunza kufuta, kuchagua kitenzi kimoja chenye nguvu badala ya vitenzi vitatu vinavyosukumana. Kwa wanafunzi wanaoona haya, sauti iliyorekodiwa pembeni kisha ikasikika kutoka mdomoni mwa kijiko ni rahisi kuitoa kuliko kusimama mbele ya wenzao.

Je, maneno yaandikwe pia kwenye skrini? Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi picha na maneno yanavyosaidiana katika kujifunza, ameonyesha kwamba picha inayosogea, sauti inayosimulia na maandishi yaleyale yanayosimuliwa vikija pamoja vinaweza kumlemea msomaji, maana jicho linagombaniwa na vitu viwili. Kwa anayejifunza lugha ngeni, hata hivyo, kuona umbo la neno analolisikia kunaweza kumsaidia kulitambua mipaka yake. Ninavyoona mimi, njia ya busara ni kutengeneza matoleo mawili ya katuni ileile: la kwanza lina sauti peke yake, la pili lina maandishi peke yake, na wanafunzi waonyeshwe kwa zamu. Hilo pia linampa mchoraji sababu ya kuandika alichokisema, na kugundua kwamba neno alilolitamka vizuri hajui kuliandika.

Sasa nije kwenye mahali ambapo kazi hii huharibika, maana huharibika mara nyingi. Sumu yake ya kwanza ni rangi. Kipindi cha dakika 40 kinaweza kumezwa chote na uchaguzi wa rangi ya shati, mawingu na majani, na kengele ikilia hakuna sentensi hata moja iliyoandikwa. Tiba yake ni amri isiyo na msamaha: rangi moja tu, nyeusi, bila mandhari, mpaka maneno yamekamilika. Sentensi zitangulie kwenye karatasi, mwalimu azipitie, ndipo kishikwambi kifunguliwe. Picha zilizotayarishwa tayari zina hatari inayofanana na hiyo. Mwanafunzi anapokuta farasi kwenye maktaba ya programu huandika hadithi ya farasi, na lugha yake inafuata kilichopatikana badala ya kile alichotaka kusema. Programu zinazoweza kusoma maandishi kwa sauti ya mashine nazo zizimiwe kipengele hicho, kwa sababu kinamnyang'anya mwanafunzi sehemu ile hasa tuliyotaka aifanye.

Tatizo la vifaa vichache si kubwa kama linavyosemwa, ila linahitaji kanuni. Kikundi cha wanafunzi wanne chenye kishikwambi kimoja kwa kawaida huwa na mchoraji mmoja na watazamaji watatu. Ukiweka sharti kwamba mwenye kalamu hana kauli, yaani achore tu kile anachoambiwa na wenzake na asichore chochote kisichotamkwa, hali hubadilika mara moja. Wale watatu wanalazimika kusema "inua mkono wa kulia kidogo, usiuinue mpaka kichwani," na mchoraji analazimika kusikiliza. Kisha kalamu inahama. Pale ambapo hakuna kifaa kabisa, pembe ya daftari inatosha: michoro midogo kwenye kurasa zinazofuatana, kisha kurasa zinapepezwa kwa kidole gumba. Kijitabu cha namna hiyo kilisajiliwa hataza nchini Uingereza mwaka 1868 na John Barnes Linnett, na uzuri wake kwa mwalimu wa lugha ni kwamba chini ya kila mchoro pana nafasi ya kuandika neno.

Sauti na nyuso za watoto zibaki ndani ya kifaa cha shule isipokuwa wazazi wameridhia. Programu kadhaa humwalika mtumiaji aitangaze kazi yake kwa umma kwa kubonyeza mara moja, na mtoto hawezi kutarajiwa kuyapima matokeo yake.

Limebaki suala la kusahihisha. Mchoro usipewe alama. Mwanafunzi aliyechora farasi anayefanana na meza hajakosea chochote katika somo la lugha, na alama ikitolewa kwa uzuri wa mchoro, wanafunzi watahamishia juhudi zao huko. Lakini mchoro usiachwe pembeni wakati wa kusahihisha, kwa sababu ndio ushahidi wa alichokusudia. Katika insha ya kawaida mwalimu akikuta "mlango umefunguka" hawezi kujua kama ni kosa. Labda ndivyo mwandishi alivyotaka. Akiwa na katuni mbele yake anaweza kuisimamisha kwenye picha ya pili na kuuliza: "Picha yako ina mkono kwenye kitasa, na sentensi yako inasema umefunguka. Kipi kibadilike?" Mwanafunzi ana hiari ya kurekebisha kitenzi au kuufuta mkono. Vyovyote atakavyochagua, atakuwa amechagua akijua. Na kama katuni hiyo imehifadhiwa, mwisho wa muhula inaweza kuonyeshwa bila sauti kwa mwanafunzi mwingine aisimulie upya, huku aliyeichora ameketi kimya akisikiliza kama mlango wake, kwa masikio ya mtu mwingine, umefunguka au umefunguliwa.